Whitby mpaka Robin Hood's Bay kwa mguu: inalipa, ila kijiji wamekisifia kupita kiasi

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi wenu mnasoma mistari miwili mnatoka: nendeni. Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kule mwisho, kwenye kijiji chenyewe, na najua kuna watu watanishangaa kwa sababu Robin Hood's Bay ndo inayowekwa kwenye kalenda na kila mtu akirudi huko simu imejaa picha za mapaa mekundu. Mi naona watu wanasifia mwisho wa safari wanaisahau safari. Kitu chenyewe ni njia, yale masaa manne ya kutembea juu ya majabali bahari ikiwa kushoto kwako muda wote, kijiji ni cha kunywea chai tu na hata hiyo chai ntawaambia.

Kwa wasiojua, hii ni pwani ya mashariki ya Uingereza, Yorkshire ya kaskazini, kwenye ile Bahari ya Kaskazini ambayo hata mwezi wa nane ukitia mguu unautoa mbio. Kutoka Whitby mpaka Bay (wenyeji wanaiita Bay tu) ni kama maili 7, yani kilomita 11 hivi. Sisi tulikwenda mwezi wa tano, mi na wifi yangu aliyekuja kutusalimia kutoka Tanga. Mume wangu alibaki Leeds na watoto akasema goti linamsumbua, na goti hilo hilo kesho yake likacheza mpira, lakini hayo tuyaache.

Mambo ya usafiri kwanza maana hapa ndo wengi wanaharibu siku. Msiache gari Whitby. Najua inaonekana ndo akili, unaacha gari unapoanzia, lakini njia inaanzia juu ya mlima kwenye magofu ya abasia (kanisa na makao ya watawa wa zamani) na ukimaliza basi litakushusha chini mjini, kwa hiyo jioni miguu imeshachoka unaanza tena kupanda ngazi 199 kufuata gari. Acheni gari Robin Hood's Bay, ile sehemu ya juu ya kijiji kuna paking za kulipia (chini kwenyewe magari ya wageni hayaruhusiwi, na hata yangeruhusiwa ile teremko usingethubutu), af asubuhi pandeni basi X93 mpaka Whitby, ni kama dakika 20, nauli ilikuwa paundi 3 kwa sababu ya kile kikomo cha nauli ambacho serikali iliweka toka Januari 2025. Baada ya hapo mnatembea kurudi kwenye gari lenu kwa raha zenu, hamna kukimbizana na basi la mwisho. Wasio na gari msivunjike moyo, hiyo X93 inatoka Scarborough, na Leeds kuna Coastliner 840 inayopita York, Malton na Pickering mpaka Whitby, ni ndefu hasa, ila ndo ile iliyopewa tuzo 2018 kuwa njia ya basi yenye mandhari nzuri kuliko zote Uingereza, so ukisinzia pale inapokatiza milimani shauri yako.

Whitby yenyewe sitaiongelea sana, inastahili siku yake. Mnashuka basi, mnavuka daraja la mto Esk, mnaingia Church Street ambako maduka yanauza jet, yale mawe meusi ambayo Malkia Victoria alivaa akiomboleza mumewe Albert aliyefariki 1861 af nchi nzima ikataka kuvaa kama yeye. Kumbe sio jiwe, ni mti wa zamani sana uliolala chini ya ardhi mpaka ukageuka, ukishika kipande unashangaa kilivyo chepesi. Msinunue asubuhi, kila kitu mtakibeba mgongoni.

Af ndo ngazi. 199, zimehesabiwa na kila mtu anayepita anahesabu kwa sauti na kila mtu anapata namba yake. Kuna sehemu bapa zenye mabenchi, tukakaa kwenye moja kupumua, nikamweleza wifi kwamba hizi sehemu ziliwekwa kwa ajili ya wabeba majeneza, maana makaburi yako juu kanisani St Mary's, sasa wakichoka walikuwa wanaweka jeneza hapo wanapumzika. Akasimama hapo hapo. "Wifi, yani umenikalisha kwenye kituo cha maiti na hujaniambia?" Ngazi zote zilizobaki alipanda bila kukaa, kwa hiyo kama una mtu mvivu mwambie hiyo habari mapema.

Juu kuna magofu ya abasia. Kuingia ndani mnalipa (ni ya English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale), sisi tuliangalia kwa nje maana kwa nje yanaonekana vizuri tu, yale madirisha makubwa hayana kioo hayana paa, anga linapita katikati. Ilianzishwa 657 na mwanamke, Hild, aliyekuwa anaongoza watawa wanaume na wanawake pamoja, na 664 ndo ulifanyika mkutano mkubwa wa kanisa hapo, sababu mojawapo ni kwamba wengine walikuwa wanakula Pasaka huku wengine bado wamefunga, kila kundi lina hesabu yake ya mwezi. Wifi akacheka akasema kwa hiyo mambo ya mwandamo hayakuanza na sisi. Mfalme wa wakati huo akakata kwamba wafuate hesabu ya Roma. Mfalme mwingine, Henry VIII, akaja kuifunga abasia 1539, na Desemba 1914 manowari za Wajerumani zikaipiga mizinga, yani hilo jengo limeona mambo.

Njia inaanza pembeni ya magofu upande wa bahari, alama yenu ni kitunda cha mwaloni kilichochorwa kwenye vigingi vya mbao, hiyo ndo nembo ya njia za taifa huku. Hii inaitwa Cleveland Way, jumla yake maili 109 kutoka Helmsley mpaka Filey, ipo toka 1969, na hulipi hata senti. Kupotea ni ngumu, bahari ikiwa kushoto uko sawa, bahari ikiwa kulia unarudi Whitby.

Kipande cha kwanza ni laini, nyasi fupi, upepo wa kukuondoa mtandio. Mnafika Saltwick, mnaona chini ulimi wa mwamba umetokeza baharini, mtupu kabisa, hauna mti wala jani. Mi nilidhani ndo ulivyoumbwa. Kumbe walichimba shabu. Ndiyo, shabu ile ile ya kwa kinyozi! Karne ya 17 na 18 pwani hii yote ilikuwa viwanda vya shabu, walikuwa wanaitaka ya kushikisha rangi kwenye nguo na kulainisha ngozi za viatu, wanachimba mwamba, wanauchoma miezi na miezi, wanauloweka, af kwenye kupika wanatia mkojo. Mkojo wa watu. Ulikuwa unakusanywa mijini unaletwa na meli, mpaka kutoka London. Sasa fikiria wewe ni baharia, umeoa, mkeo anakuuliza safari hii mmebeba nini.

Hapo Saltwick pia ndo meli ya hospitali Rohilla ilipasuka Oktoba 1914, dhoruba kali, meli iko karibu na nchi kavu kiasi kwamba watu wa Whitby walikuwa wanawaona waliomo melini na hawawezi kuwafikia, siku mbili na zaidi. Walikufa zaidi ya 80, waliokolewa zaidi ya 140, na mmoja wa waliopona ni mama mmoja anaitwa Mary Roberts ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameponea Titanic. Mbele kidogo kuna mwamba mweusi umesimama peke yake, Black Nab, karibu yake kuna mabaki ya meli ya uvuvi iliyogonga 1976, maji yakitoka unayaona mbavu zake. Bahari ya huku ukiitazama imetulia usiiamini.

Hapa mnapita katikati ya kambi ya karavani, sio sehemu nzuri, pitieni tu. Nyie wenye watoto mtaona wanataka kushuka ufukweni Saltwick kutafuta visukuku, ni pazuri kweli na visukuku vipo, zile konokono za mawe zilizojikunja, ila angalieni ratiba ya maji kabla, maji yakijaa yanakata njia na majabali huwezi kupanda, na msikae chini ya jabali maana linabomoka lenyewe bila kuombwa. Zamani watu walisema Hild ndo aliwageuza nyoka wote wa huku kuwa mawe, na wauzaji wa Whitby walikuwa wanazichonga vichwa vya nyoka ili mgeni aamini. Biashara ni biashara.

Baada ya karavani ndo raha inaanza. Kuna nyumba nyeupe iliyokuwa na honi ya ukungu, af mnara wa taa wa Whitby, mweupe, mfupi kuliko mnavyotegemea, wa 1858, hauhitaji kuwa mrefu maana jabali limeshaupandisha. Kutoka hapo mpaka karibu na Bay hamna duka, hamna kibanda, hamna choo, narudia hamna choo, na netiweki inakuja na kuondoka. Ni nyie, kondoo, na mageti ya mbao yale ya kujipenyeza mmoja mmoja.

Kuhusu ukingo. Njia sehemu nyingine iko mita chache tu kutoka kwenye ukingo na hamna uzio upande wa bahari, uzio upo upande wa shamba, kumzuia ng'ombe sio wewe. Nyasi zinaning'inia hewani, juu unaona nyasi, chini yake hamna kitu. Mtaona sehemu njia ya zamani imekatika inaishia angani na wamesogeza nyingine ndani ya shamba, sheria ya 2009 ya njia ya pwani inaruhusu hivyo, jabali likila njia basi njia inarudi nyuma. Kwa hiyo selfi pigeni kwa akili. Wifi nilimshika mkoba muda wote na alinitukana lakini nilimrudisha Tanga mzima.

Sasa ndege. Mi sio mtu wa ndege kabisa, ila kuna kitu kimoja kilituweka pale sijui muda gani. Kuna ndege wanaitwa fulmar, kwa mbali unadhani shakwe, lakini mabawa yao yamenyooka hayapigi, anakuja kwa upepo unaopanda jabali mpaka anakuwa usawa wa macho yako, mita mbili tatu tu, anasimama hewani anakuangalia. Jicho jeusi kubwa, na juu ya mdomo ana kamrija ka pua, ndo pa kutolea chumvi. Hatingishi bawa, anarekebisha tu vidole vya mwisho vya bawa na mkia kidogo, af anaachia anateleza chini. Anarudi. Tulikaa tunatazamana nae. Msisogelee viota vyao lakini, wanatema mafuta yananuka na nguo ndo basi tena.

Tope sasa. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na kulikuwa na jua siku yenyewe, tukajua kumekauka, wapi. Udongo wa huku ni wa mfinyanzi, unashika soli, hatua kadhaa tu kiatu kimekuwa cha kilo mbili, af njia yenyewe sio bapa kama inavyoonekana kwenye ramani, kila baada ya muda kuna korongo, mnashuka ngazi za mbao mpaka kwenye kijito, mnavuka kidaraja, mnapanda tena upande wa pili, na mkifika juu mnaona korongo lingine. Hicho ndo kitu hawawaambii. Kuna dada tulimkuta na raba nyeupe za kutokea, maskini alikuwa anatembea kwa makalio kwenye ile teremko huku bwana ake anashika simu anarekodi. Ndoa ile sijui. Vaeni viatu vya milima vyenye meno, au hata gambuti, na fimbo moja itawasaidia sana kwenye kushuka. Na koti la upepo hata kama Leeds mmeacha watu na fulana, maana kuna ule ukungu wa baharini unaingia ghafla, jua linawaka af dakika kumi humuoni uliyeongozana nae.

Chakula tulibeba, na nawashauri mbebe. Chapati za maji, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi kwenye chupa. Tukakaa kwenye benchi moja karibu na pale njia ya Coast to Coast inapoungana na hii, panaitwa Maw Wyke Hole, maua ya njano yamejaa kila upande na yananukia nazi, siwatanii, yale ya miiba wanaita gorse, jua likiyapiga yanatoa harufu ya nazi kabisa. Wifi alivuta pumzi akasema hapa pamebaki samaki wa kukaanga tu. Tukaswali adhuhuri hapo hapo kwenye nyasi, kibla upande huu kinaangukia karibu na kule kule njia inakoelekea, kusini mashariki, so ukiwa umesahau dira ya simu elekea ulikokuwa unakwenda, pinda kushoto kidogo. Watu wakapita nyuma yetu kimya kimya, mmoja alimshika mbwa wake kamba. Ustaarabu huo niliupenda.

Tukiwa tunafunga vyombo akatokea mzee wa Kiingereza, kaungua pua, mguu mmoja anauburuza, anatembea Coast to Coast. Hiyo ni njia ya maili kama 190 inayokatiza Uingereza nzima kutoka St Bees upande wa magharibi mpaka hapa, aliibuni Alfred Wainwright miaka ya 70, na ada yake ni kwamba unalowesha kiatu bahari ya magharibi unapoanza, unaokota kijiwe, unakitupa bahari ya mashariki unapomaliza na kulowesha kiatu tena. Akatutolea kijiwe chake mfukoni, cha kijivu tu, kimelainika kwa kushikwashikwa. Wifi akampa chapati na chai. Akauliza hiki ni nini, akaambiwa, akala mbili. Akatuambia toka aanze safari hamna kitu kitamu amekula njiani kushinda hicho, na mi namwamini kwa sababu mikate ya huku tunaijua.

Kutoka hapo kipande cha mwisho ndo kizuri kuliko vyote, mnazunguka ile pua ya nchi, na ghuba yote inafunguka mbele yenu kwa mkupuo, mpaka kule Ravenscar upande wa pili, majabali yamejipinda nusu duara na kama maji yametoka mtaona chini mistari ya miamba imejipanga nayo nusu duara, mstari nyuma ya mstari. Kijiji bado hakionekani hapo, kimejibana kwenye korongo. Ni kama nusu saa hivi ya kutembea mkiwa mnaangalia ghuba. Hapa ndo nilisema kimoyomoyo nyota tano, halafu tukaingia kijijini.

Sasa sikilizeni, kijiji ni kizuri. Sibishi. Mnapitia kwanza majumba makubwa ya juu, af barabara inaanguka chini mwinuko wa moja kwa tatu, wameweka vyuma vya kushika, na huko chini nyumba zimebebana, mlango wa huyu uko usawa wa paa la yule, vichochoro vya upana wa mtu na kapu lake. Karne ya 18 hapa palikuwa makao ya magendo, wanasema furushi la hariri lingeweza kutoka ufukweni mpaka juu ya kijiji bila kuona jua, linapita nyumba kwa nyumba kwenye makabati na milango ya siri, na pia kijito kinapita ndani ya handaki chini ya nyumba. Na bidhaa kubwa ya magendo unajua ilikuwa nini? Chai! Ukiacha pombe na tumbaku, chai, kwa sababu kodi ya chai ilipanda mpaka asilimia 119, ndo serikali ikaja kuikata 1784 mpaka 12 na nusu na biashara ya magendo ya chai ikafa yenyewe. Yani wauza chai walikuwa wanakimbizana na askari usiku.

Bahari pia imekula nyumba nyingi hapa, barabara ya zamani ya kuingilia ilianguka na nyumba zake karne hiyo hiyo ya 18, mpaka 1975 ndo wakajenga ukuta mkubwa wa zege kuzuia. Na kuna kibao kinachoeleza habari ya Januari 1881, jahazi linaitwa Visitor linazama ghubani, mashua ya uokozi ya Whitby haiwezi kuja kwa maji kwa sababu ya dhoruba, basi wakaiburuta kwa nchi kavu maili 6, theluji ya futi 7, watu 200 na farasi 18, wakaishusha kwenye hiyo hiyo barabara iliyotutetemesha sisi na mikoba, wakaokoa mabaharia wote. Kisomeni hicho kibao, wengi wanakipita.

Kwa hiyo nini tatizo? Tatizo ni kwamba ukitembea vichochoro vya ndani ukaangalia milango vizuri, utaona pembeni ya mlango kiboksi cha funguo chenye namba. Mlango wa pili kiboksi. Wa tatu kiboksi. Nyumba za kupangisha wageni wa wikiendi, madirisha yamepangwa kimashua cha mbao na konokono na hamna mtu ndani. Nilimtafuta mtu anaanika nguo sikumuona. Na pale mtaani wanapouza vitu ni vurugu mechi, watu wamejaa kupiga picha mlango ule ule, unasubiri foleni upite. Kama unakuja na gari ukashuka ukapiga picha ukaondoka, hicho ndo utaona, na utarudi unasema kijiji cha picha. Ukija kwa mguu angalau umeshakula chako njiani.

Chai sasa. Tuliingia kwenye kafe moja jina naliacha, saa tisa na nusu, mlangoni wameandika wanafunga saa kumi na moja. Skoni (kimkate cha kulia chai) ya jana, ukiikata inapasuka unga, chai majani kidogo maziwa ya baridi, na kabla hatujamaliza binti ameanza kupandisha viti juu ya meza, meza ya pili yetu, tatatata. Paundi 13 watu wawili. Sio hela ya kufilisi mtu lakini tumetoka kutembea maili 7, tungeachwa tukae. Mkiwa na chupa yenu ya chai kaeni kwenye ukuta kule chini panapoitwa the Dock, mbele ya Bay Hotel ambapo wale wa Coast to Coast wanamalizia, bure na bahari iko miguuni. Yule mzee wetu tulimkuta pale, kijiwe kishatupwa.

Samaki na chipsi: hapa Waislamu wenzangu msome vizuri. Yorkshire wengi wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, ndo fahari yao kabisa wanaandika mpaka dirishani, na huyo ng'ombe hamjui alichinjwaje. Samaki halali, mafuta ndo shida. Ulizeni kabla ya kulipa, wapo wanaotumia mafuta ya mimea na hawachukii ukiuliza. Ukipata, chukua haddock, huku ndo samaki wao, na uile umeupa mgongo ukuta. Shakwe wa huku ni wezi wa kusomea, niliona kwa macho yangu mmoja anachukua kipande chote mkononi mwa baba wa watu, baba kabaki ameshika uma wa mbao.

Af kumbukeni gari liko juu. Ile barabara mliyoshuka mnacheka mnaipanda. Wifi alipanda amenyamaza, katikati akasimama akanambia, "Mwambie kaka yangu goti lake namsamehe."

Hii njia inamfaa nani: mtu mwenye pumzi za kawaida anaimaliza, watoto kuanzia miaka tisa kumi waliozoea kutembea sawa, ila wawe wa kusikia wakiambiwa simama. Kigari cha mtoto sahauni, magoti mabovu ya kweli pia sahauni. Nyie mna njia yenu, reli ya zamani ya Scarborough na Whitby iliyofunguliwa 1885 ikafungwa 1965, sasa hivi ni njia ya kutembea na baiskeli inaitwa Cinder Track, inapita Bay hapo hapo kwa juu, haina makorongo ya kupanda na kushuka na bahari mnaiona kwa mbali. Mbwa kamba lazima, kuna kondoo na majabali. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo ahirisheni. Na anayetaka kuunganisha mpaka Ravenscar aongeze kama maili 4 nyingine za kushuka na kupanda, alale Bay kwanza, sio siku moja.